Kamera Aliyoichagua Mama

Kikao cha kamera kilikuwa cha tatu, na safari yenyewe ilikuwa bado haijapangiwa hata siku ya kuondoka. Kilifanyika sebuleni kwa Mama Pasi kama vile viwili vya kwanza, na kama vile viwili vya kwanza kilifunguliwa na mwanawe mkubwa kwa kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Mwana huyo nyumbani aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu ukimwomba akusogezee chumvi mezani atauliza kwanza kama kuna anayeunga mkono hoja. Alikuwa msimamizi kwenye yadi ya mbao upande wa pili wa mji. Mama yake alijisemea kwamba huko hata mbao lazima zinanyoosha mkono kabla ya kukatwa.

Mama Pasi mwenyewe, mwenye nyumba na mwenye safari, alikuwa ameketishwa karibu na dirisha. Jina lile alilipata kwa miaka thelathini ya kunyoosha mashati ya watu kwenye kiwanda cha dobi, na mpaka leo ukikaa karibu naye lazima atakushika kola, aone kama imenyooka. Alisikiliza, akaitikia panapostahili, akacheka wenzake wakicheka. Waliokuwemo aliwajua kwa vikohozi vyao.

Sasa jambo lenyewe lilikuwa hili. Juu milimani, siku mbili za kutembea kwa miguu kutoka mahali gari linapoishia, kuna uwanda alikozaliwa. Aliondoka huko akiwa msichana wa miaka kumi na sita na hakurudi tena. Alipofika sabini na miwili alisema anataka akauone kabla hajafunga macho. Wanawe walifurahi, wakafurahi kupita kiasi, kwa sababu mkwewe alisimama siku ile ile akatamka kwamba safari ya namna hiyo haiwezi kupita hivi hivi bila kurekodiwa. Ingerekodiwa, ingewekwa mtandaoni, dunia nzima ingemwona mama akipanda mlima.

Mkwe huyo ndiye Mtaalamu. Alikuwa karani wa bima, mume wa binti pekee wa Mama Pasi, na walihamia kwa mama kwa wiki mbili ili bomba la kwao litengenezwe. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Kamera hakuwahi kuimiliki hata moja maishani mwake, lakini alikuwa ametazama video nyingi mno za watu wanaozisifia na kuzikashifu kamera, hivyo alizitaja kama mtu anayewataja wajomba zake. Ile ni nzito lakini ina moyo. Ile nyingine betri inakufa upesi. Mpya bei yake haishikiki, alisema, kwa hiyo twende kwenye za mtumba, ila kwenye mtumba usipokuwa na jicho utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Jicho ndilo hasa lililomkosesha Mama Pasi usingizi. La kushoto lilikuwa limeshaondoka. La kulia lilikuwa linamfuata mwenzake bila haraka. Kila asubuhi, watu wakishaondoka, alisimama dirishani akatazama nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara. Miaka miwili nyuma aliona nguzo na nyaya zake. Baadaye nyaya zikapotea, ikabaki nguzo. Siku hizi aliona tu kwamba pale pana kitu. Mvua zikianza, mto ulio chini ya milima haupitiki kwa miezi saba, na mvua zilibakiza wiki tano. Alipiga hesabu mwenyewe: wasipoondoka kabla ya mvua, atafikishwa kwao kama gunia la mkaa, aambiwe, haya mama, tumefika, pazuri kweli.

Na kwa nini asiseme? Mwulize mama wa jirani. Yule alisema. Aliwaambia wanawe kwamba haoni vizuri, basi wiki haikuisha wakamnyang'anya kisu, wiki ya pili jiko, wiki ya tatu ufunguo wa mlango wa mbele. Sasa anakaa kitini kutwa, analetewa chai ya vuguvugu. Mama Pasi aliona heri aitwe mkaidi. Alihesabu hatua zake ndani ya nyumba, chumvi aliipima kwa ulimi, na binti yake, mwalimu anayetoka alfajiri na kurudi magharibi na daftari sabini za kusahihisha, hakugundua kitu. Wenyewe husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mama Pasi alikuwa anaujua msemo huo vizuri, akauacha upite.

Jumapili iliyofuata Mtaalamu alikuja na kamera tatu alizoazimwa dukani kwa kuacha kitambulisho chake. Mama alitolewa uani, akaambiwa aweke mkono kiunoni, autoe, atazame mbali kama mtu anayekumbuka. Alitazama mbali. Kwake hata karibu kulikuwa mbali, kwa hiyo kazi haikumwia ngumu. Jirani zake walichungulia juu ya ukuta, na mmoja akauliza kama mama anagombea udiwani.

Picha zilihamishiwa kwenye kompyuta ya mwalimu, wakakusanyika. Mwenyekiti alitoa hoja kwamba kwa kuwa mhusika ni mama, basi mama ndiye achague, na uamuzi wake uwe wa mwisho. Hoja ikaungwa mkono. Mama Pasi alihisi kijasho kikimtoka chini ya kilemba, maana alichokiona pale mbele yake ni mwanga wa mraba.

Lakini mtu hanyooshi mashati miaka thelathini mbele ya wasimamizi asijue kusoma watu. Aliamua kuwasikiliza wao. Picha ya kwanza ilipofunguliwa walisema wote kwa pamoja, nzuri, nzuri, rangi zimetoka. Ya pili vilevile, nzuri, tena hata mikunjo ya kitenge inahesabika. Ilipofunguliwa ya tatu, chumba kilinyamaza. Mama Pasi akaujua ukimya ule, au alidhani anaujua. Ni ukimya wa watu waliopigwa na butwaa kwa uzuri wa kitu.

"Hii," akasema, akigusa kioo kwa kidole. "Hii ndiyo mimi."

Ukweli ni kwamba picha ile ilikuwa na ukungu kama imepigwa ndani ya bafu la maji ya moto. Uso wa mama ulikuwa doa, uani kote moshi. Walikuwa wamenyamaza kwa aibu, kila mmoja akingoja mwenzake aseme. Binti alianza kusema mbona hii, Mtaalamu akamkatiza. Alikuwa ameinuka kitini. Alisema mama ana jicho la kisanii ambalo wengine husomea miaka minne hawalipati. Picha mbili za kwanza ni kama za kitambulisho, zinaonyesha kila kitu, zina faida gani? Hii inaonyesha hisia. Hii ni kumbukumbu yenyewe, kwani kumbukumbu si huja na ukungu? Alizungumza hivyo kwa robo saa, na alivyozidi kuzungumza ndivyo picha ilivyozidi kupendeza. Mwenyekiti aliuliza bei. Alipoambiwa ndiyo ya chini kuliko zote, akasema na yeye tangu mwanzo alikuwa ameona kitu humo. Wiki sita walikuwa wamepembua kamera, na mchagua nazi hupata koroma.

Ununuzi uliwekwa Jumanne. Mwenyekiti alitaka mama awepo, apigwe picha akimkabidhi fundi fedha, kwa ajili ya kumbukumbu za familia. Kwamba msimamizi wa yadi anapataje nafasi Jumanne saa nne asubuhi, hakuna aliyemwuliza.

Duka la fundi kamera lilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na muuza viatu. Kamera zilijaa kwenye rafu mpaka juu, zingine hazina mgongo, zingine hazina jicho, na fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo asiyependa maneno mengi. Mama Pasi alihesabu ngazi mbili za mlangoni, akapapasa kiti kwa goti kama anayejipanga tu, akakaa. Mara wanaume wake wawili wakaanza kubishana. Mtaalamu alitaka na stendi ya miguu mitatu, Mwenyekiti akasema stendi haimo kwenye bajeti. Wakatoka kwenda kwa wakala wa kutoa fedha, nyumba mbili mbele, wakaendelea kubishana hukohuko. Wakabaki wawili, fundi na mama.

Fundi aliitoa ile kamera ya tatu, akaigeuza mkononi. Akauliza kwa upole ni nani aliyeichagua hii. Mama akajibu ni yeye. Fundi akasema hii hakuwa anaiuza kwa kupigia picha, aliiweka kwa ajili ya spea, na alimwambia yule kijana kwamba lenzi imeota fangasi kwa ndani, naye akajibu ataisafisha kwa pamba. Akachukua tochi yake ndogo, akasogeza lenzi mbele ya uso wa mama.

"Ukimulika kwa pembeni hivi, utando wote unaonekana. Unauona, mama?"

Mama Pasi akainama, akakunja paji la uso kama mtu anayechunguza. "Nauona. Kweli umetanda."

Fundi akaishusha lenzi. "Mama," akasema, "tochi bado sijaiwasha."

Mama Pasi aliona aibu kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye sukari. Aliinua kichwa. Fundi hakucheka. Aliomba ruhusa, akawasha tochi, akammulika jicho la kulia kutokea pembeni, kama alivyomulika lenzi za watu kwa miaka yake yote, kisha la kushoto. Akasema yeye si daktari, lakini ukungu akiuona anaujua. Huo ni mtoto wa jicho. Shangazi yake alikuwa nao, akapelekwa, wakaitoa ile lenzi iliyofifia wakaweka nyingine, kazi ya saa moja, akalala kwake siku hiyohiyo. Gharama yake ilikuwa kama ya ile kamera ya pili.

"Hii yangu haisafishiki," akasema, akiiweka ile kamera rafuni. "Ya kwako inabadilishwa."

Mama Pasi alimshika mkono. Alimwambia mambo yote kwa haraka, kwa sababu aliwasikia wanaume wanarudi: mvua, mto, mama wa jirani na ufunguo wake. Akamwomba asiseme. Wakijua, safari imekufa.

"Mimi nauza vitu vibovu, mama, lakini nikiulizwa nasema ni vibovu," fundi akajibu. "Sitawaambia la kwako. Ila nami nikuulize. Huko milimani unakwenda kuona, au kuonwa?"

Mama Pasi akauachia mkono wake. Wanaume walipoingia, fundi akawaambia kamera ile haiuzwi tena. Mtaalamu alipandisha mori, akadai kuna mteja mwingine amepanda dau. Walirudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima mkwe alimweleza shemeji yake jinsi soko la mtumba lilivyojaa wahuni.

Jioni ile Mwenyekiti aliitisha kikao cha dharura. Ajenda ilikuwa moja, kamera mbadala, na mwishoni, kama kawaida, palikuwa na mengineyo. Mama Pasi alingoja mpaka mengineyo. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuomba chai, kwamba jicho lake la kushoto halioni tangu mwaka jana, la kulia linaona mwanga, na ile picha aliichagua kwa sababu walinyamaza.

Binti yake alilia. Lakini kabla hajalia, mkono wake ulienda mezani ukakitwaa kisu cha mkate, ukakisogeza mbali na mama. Mama Pasi hakukiona. Alisikia tu chuma kikiburuzwa juu ya meza, na akajua kwamba sasa amekuwa mama wa jirani. Ilimuuma kuliko alivyotegemea.

"Rudisha kisu changu," akasema. Binti akakirudisha.

Mtaalamu alikuwa amenyamaza, na yeye akinyamaza ujue anapika kitu. Alisema, kwa heshima zote, jambo hili linabadilisha hadithi nzima. Mama anayekwenda kwao, hiyo imeshafanywa na wengi. Mama asiyeona, akiongozwa mkono na wanawe kupanda mlima, hapo hakuna atakayetazama bila machozi. Kwa hiyo ushauri wake ni kwamba waende haraka, wiki ijayo ikiwezekana, na matibabu yafuate baada ya kurekodi.

Mkewe alimtazama, na wiki ile yote Mtaalamu alilala kwenye kochi.

Mwenyekiti alibaki na bajeti yake. Alisema uchungu anao, mama ni wake, lakini fungu lilichangwa kwa jina la kamera, na kulihamisha fungu bila utaratibu ndiko kunakoziua familia. Wakabishana kuhusu utaratibu. Wa pembeni angedhani wanazungumzia jicho la mtu asiyekuwemo chumbani.

"Nunueni kamera," Mama Pasi akasema hatimaye. "Mlima upo, nendeni mkaupige picha. Mimi simo."

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba filamu isiyo na mhusika ni kupoteza betri. Mwenyekiti akaitisha kura. Mama aliuliza nani kanyoosha mkono, binti akamjibu, wote, mama. Kaka alikuwa wa kwanza, akamwambia, na huyu wangu kanyoosha shingo upande. Kwa hiyo fungu likahamia kwenye jicho la kulia, na safari, kwa kuwa jicho lililopasuliwa haliruhusiwi mlima kwa wiki kadhaa, ikasogezwa mpaka mvua ziishe. Mama Pasi alishukuru, akaingia chumbani, akajifunika shuka akalia. Miezi saba si kitu kwa kijana. Kwa mtu wa sabini na miwili ni mkopo mkubwa sana wa kumwomba Mungu.

Upasuaji haukuchukua hata saa moja. Kesho yake asubuhi walirudi zahanati ya macho kuondoa bandeji, na Mtaalamu, aliyekosa kamera ya kurekodia mlima, aliona isiwe shida, atarekodi kwa simu. Alimpanga kila mtu mahali pake. Mke wake ashike simu ya pili kutokea kushoto. Mwenyekiti asimame miguuni mwa kitanda na simu ya tatu. Nesi aliombwa aondoe bandeji polepole, naye akasema yeye ana wagonjwa kumi na wanne, ataiondoa kwa mwendo wake.

Bandeji ikatoka. Mama Pasi alifumbua jicho akalifumba, mwanga ulikuwa mkali. Akafumbua tena. Aliona ukuta, na kwenye ukuta ufa, na kwenye ufa sisimizi. Alitaka kucheka. Aliona mikono yake mwenyewe, akashangaa ni ya bibi gani. Aliona kwamba akipewa uhai miezi saba, uwanda ule atauona, majani yake na mawe yake, akapumua.

Kisha akatazama miguuni mwa kitanda.

Kwa mwaka mzima mwanawe mkubwa alikuwa ni sauti tu kwake. Sauti haikuwa imekonda. Ilikuwa nene, yenye ajenda na mengineyo, na mama aliivisha mwili ule alioujua, mtu wa kifua, shingo imejaa kwenye kola. Aliyesimama pale alikuwa mwembamba kama ufito. Mashavu yameingia. Meno mawili ya mbele hayapo. Shati lilikuwa lake la zamani, likimpwaya, na kola imesagika mpaka nyuzi zinaonekana, imegeuzwa upande wa ndani na kushonwa upya kwa mkono wa mtu asiyejua kushona.

"Mwanangu," Mama Pasi akasema. "Umekonda lini?"

Binti alishusha simu, akamgeukia kaka yake, akamtazama kama mtu aliyeletewa mgeni. Alikuwa amekaa naye vikao sita.

Mwenyekiti alifungua kinywa. Safari hii hakikutoka kitu cha kusoma. "Yadi ilifungwa mwaka juzi, mama," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, ikamtosha.

"Na mchango wa kamera ulitoa wapi?"

"Nilijinyima, mama," akasema. Alizunguka kitanda, akaja upande wa mama, na mama akanyoosha mkono akamshika kola ile, akaanza kuinyoosha kwa kidole gumba, taratibu, kutoka shingoni kwenda nje. Mwanaume wa miaka hamsini na moja akainamisha kichwa, akaacha anyooshwe.

"Shemeji," akasema Mtaalamu nyuma ya simu, "sogea kidogo, unaziba mwanga."

Shemeji hakusogea.